Ukumbi wa Kuazima

Fomu ilikuja kutoka nchi ya baridi. Iliuliza kama theluji huondolewa kwenye ngazi za nje kabla mfanyakazi hajaanza siku yake, na kama king'ora cha moshi kimejaribiwa mwezi huu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuitia Kiswahili na kuiweka sawa kwa watu wa Unguja, kwa sababu nilikuwa afisa utumishi, na afisa utumishi wa kampuni ndogo hupewa kila kitu ambacho wengine hawakitaki. Theluji nikaifuta. King'ora nikakiacha kwa siku mbili, kisha nikakifuta nacho.

Kazi ya kampuni ilikuwa kupokea simu na barua za wageni wanaotaka vyumba vya hoteli, kuwapangia safari zao na kuwasikiliza wakilalamika. Ofisi ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Kisha tukahamia Fumba, kwenye majengo mapya, pasafi, penye hewa ya baridi na madirisha yasiyofunguka. Pasafi lakini padogo. Viti havikutosha. Ndipo tukaambiwa kwamba kuanzia sasa kila mtu atafanya kazi siku tatu nyumbani kwake na siku mbili Fumba. Meneja alilitangaza jambo hilo kama mtu anayegawa halua, nasi tukalipokea hivyo hivyo.

Sharti lilikuwa moja. Nyumba ya mfanyakazi ipite ukaguzi. Ajaze fomu, atie sahihi, apige picha ya pahala anapokaa kufanya kazi, aniletee. Nikiridhika, napiga muhuri. Nisiporidhika, mtu huyo anakwenda Fumba siku zote tano, kwa usalama wake mwenyewe.

Swali moja katika fomu ile niliongeza mimi. "Je, dari ya chumba unachofanyia kazi ni nzima?" Mtu wa nchi ya baridi asingelifikiria. Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe na nazijua nyumba zetu, kuta za mawe na chokaa, dari za boriti za mkoko zilizobeba mawe na udongo tangu kabla hajazaliwa mzee yeyote ninayemfahamu. Maji yakipenya juu, boriti huoza kwa ndani, na kwa nje hubaki nyeusi na nzuri vile vile. Nilijivunia swali lile. Niliona ndilo swali pekee lililoandikwa na mtu aliyewahi kulala ndani ya nyumba hizo. Kumbe nilichofanya ni kuwafundisha watu uongo mmoja zaidi, na wa kwanza kuusema alikuwa shoga yangu.

Tulianza kazi siku moja, yeye na mimi, na tangu hapo tukaitana shoga, kama waitanavyo wanawake wa kwetu. Alikaa vichochoro vitatu kutoka kwangu. Wazee wake ni Waarabu wa zamani, waliokuwa na mashamba upande wa Mangapwani, na nyumba yao ya mjini ina mlango wa nakshi ambao watalii husimama kuupiga picha. Nyumba njema si mlango, na sijui nyumba nyingine ambayo msemo huo unaikaa vizuri kuliko ile. Baba yake alipofariki alibaki yeye na mama yake tu. Nyumba ilikuwa ya warithi, wengine Maskati, wengine Dubai, mmoja hata hajulikani aliko, na hakuna aliyekuwa tayari kutengeneza paa la nyumba isiyo yake peke yake. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Hali ya dari yao niliijua. Nilikwenda hitima ya baba yake, nikakuta ukumbini, yaani sebuleni kwao, wamesimamisha magogo mawili ya mnazi kuishikilia dari. Wameyazungushia vitambaa vyeupe vyenye utepe wa dhahabu, vile vya kupambia harusi, ili yasionekane magogo. Wanawake tulikaa chini, wengine wameyaegemea, tukasoma, tukala, tukaondoka. Hakuna aliyesema neno. Kwetu unachokiona ndani ya nyumba ya mtu unakiacha humo humo. Huko ndiko kusitiriana, na mtu asiyeweza kusitiri huitwa majina mabaya kuliko mwizi.

Basi siku ya tatu baada ya kugawa fomu, shoga yangu alinijia nyumbani.

"Shoga, hilo swali lako la dari limenikwama," alisema, hata buibui hajavua.

"Andika kweli."

"Nikiandika kweli nnakwenda Fumba siku tano. Mama nimwache na nani?"

Mama yake alikuwa amesahau mengi. Alitembea vizuri, alisali, alikula, ila hakujua tena mwaka wala saa, na miguu yake ilikuwa na hamu ya kutoka. Siku chache nyuma binti yake alikwenda kununua samaki mara moja tu, akarudi akakuta gesi inawaka, sufuria limeungua na mama hayupo. Alionekana Darajani, miguu mitupu, anawauliza watu njia ya skuli.

"Nikimleta mtu wa kumwangalia anamfukuza," shoga yangu akaendelea. "Anasema kaja kuiba vikombe. Anawakubali watu wa nyumbani tu. Zikiwa siku mbili, binamu yangu anakuja kukaa naye. Siku tano hawezi, ana watoto. Ntaacha kazi, basi. Na nikiacha kazi tutakula huo mlango?"

Alichotaka nilikijua kabla hajakitamka.

"Niazime ukumbi wako," akasema. "Wa picha tu."

Watu wa pengine huenda wakashangaa kwamba sikushtuka. Lakini sisi huazimana. Sahani za shughuli, mikeka, dhahabu ya bibi harusi, na ukumbi pia. Wakija watu kuposa, nawe ukumbi wako mdogo au unavuja, unaazima wa jirani. Wageni wanakaribishwa hapo, wanakunywa sharubati yao, wanasema walichokuja kusema, na wote wanajua kwamba nyumba si ya wenyewe, na hakuna anayesema. Mimi mwenyewe niliposwa katika ukumbi wa jirani. Mume wangu alilijua hilo mpaka anakufa, na hata siku moja, hata tulipogombana vibaya, hakulitia mdomoni. Kwa hivyo neno "azima" aliponiambia sikulisikia kama uongo. Nililisikia kama jirani anaomba chumvi.

Siku ya pili alikuja na kompyuta yake mkobani. Nikasogeza meza karibu na dirisha, nikalivuta pazia vizuri lisionekane limepauka, nikamwekea kiti changu cha kazi. "Kaa kama unafanya kazi," nikamwambia, naye akakaa, akacheka, akasema anajiona meneja. Picha nilipiga mimi. Dari yangu ilionekana vizuri, nyeupe, mpya, kwa sababu nyumba ninayokaa ilitengenezwa upya miaka michache nyuma. Akanywa chai, akala mkate wa ufuta, akaenda zake.

Fomu ikafika mezani kwangu Fumba. Penye swali la dari aliandika Ndiyo. Nikaipiga muhuri, nikaitia kwenye faili pamoja na nyingine. Ningependa kusema mkono ulisita, lakini haukusita. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja na kidogo nyuma, na tangu hapo mambo mengi yalikuwa yakinipita kama redio ya nyumba ya jirani. Nilifanya kazi, nilikula, nilijibu salamu. Nilipopiga muhuri ule niliona nimemsaidia mtu, basi.

Miezi ikapita. Kufanya kazi nyumbani hakukuwa ile halua tuliyoidhani. Kila aliyenikuta nyumbani siku ya kazi aliniuliza kama naumwa. Hodi zilikuwa hazishi. Jirani mmoja alizoea kuja saa nne kamili kunisimulia ndoto zake, na nikimwambia nipo kazini hutazama kompyuta, hunitazama mimi, kisha huendelea na ndoto. Mgongo uliniuma. Waya wa umeme ulipita sakafuni tangu ukumbini mpaka chumbani, na mimi, mkaguzi wa usalama wa watu, nikajikwaa kwenye waya huo nikang'oa ukucha. Fomu yangu nilikuwa nimejipigia muhuri mwenyewe.

Shoga yangu alikuwa na raha. Alifanya kazi mama yake yuko karibu, anapanga na kupangua vikombe kabatini. Alijibu wageni kwa ile sauti yake ya upole ambayo hata mgeni aliyekosa chumba alimshukuru. Kwenye vikao vya mtandaoni alitundika pazia nyuma yake, tukamwona yeye na pazia tu.

Ikaja masika. Ilinyesha wiki nzima. Jumanne ile tulikuwa kwenye kikao cha kila wiki, saa nne asubuhi, kila mtu kwao. Shoga yangu alikuwa anaeleza habari za kikundi cha wageni waliotaka kwenda msitu wa Jozani kuangalia kima punju na sasa wanarudi nyuma kwa ajili ya mvua. Alisema, "Nimewaambia mvua ya Jozani haina neno, miti inawa..." Ukasikika mlio mmoja, mfupi. Pazia nyuma yake likaruka mbele. Picha ikawa nyeupe, ikaganda hapo.

"Mtandao wa mjini leo!" akasema mtu.

"Tutamsubiri arudi," akasema meneja. "Tuendelee na jambo la pili."

Wakaendelea, nami nikaendelea kukaa. Jambo hili sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilijua dakika ile ile. Nilijua kile cheupe ni vumbi la chokaa. Na nilikaa pale nikisikiliza jambo la pili, ambalo lilihusu namna ya kuomba likizo, mpaka likaisha, kwa sababu maadamu nimekaa huenda ni mtandao. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Wenzangu walipokuwa wakianza jambo la tatu, ndipo miguu ikanyanyuka.

Vichochoro vilijaa maji. Nilipofika mlango wa nakshi ulikuwa wazi na majirani wameshaingia. Mama yake alikuwa amekaa kwenye ngazi, mzima, hana hata mchubuko, kikombe mkononi.

"Nani anatwanga asubuhi yote hii?" aliniuliza.

Ukumbi ulikuwa umejaa kifusi mpaka usawa wa madirisha. Gogo moja la mnazi lilibaki limesimama na kitambaa chake. Wanaume wanne walikuwa wakiondoa mawe kwa mikono, wakiyapitisha nje, bila kusema. Walipomfikia alikuwa chini ya meza. Meza ndiyo iliyomwokoa kifua na kichwa, lakini boriti ilikuwa imeulalia mguu wa kulia kutoka nyongani mpaka gotini. Uso wake ulikuwa mweupe wote, kope na zote. Alinitambua.

"Nistiri," alisema.

Ushungi ulikuwa umemtoka na nywele ziko wazi mbele ya wanaume. Nikavua kanga niliyojifunika, nikamfunika kichwa. Kisha wakainyanyua boriti, akapiga kelele. Mimi nilisimama namshikia kanga isianguke. Sikulia, wala sikutetemeka. Nilikuwa ganzi, na ganzi hiyo ilinifaa siku hiyo, lakini siku zilizofuata haikutaka kuondoka.

Mama nikamchukua kwangu. Hilo halikuhitaji kuulizwa, ndivyo inavyofanywa. Alikaa ukumbini kwenye kiti changu cha kazi, kwa sababu alikipenda, na kutwa aliniuliza, "Mwanangu anarudi saa ngapi kazini?" Nami nikamjibu, "Saa tisa, mama." Ikifika saa tisa anasahau kwamba alikuwa akingoja, kisha anaanza upya. Watu walikuja kunipa pole na kila wa pili aliniambia usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba mimi sijawahi kuusikia msemo huo, kana kwamba ningeweza kwenda Maskati kuwaziba warithi. Niliwaitikia. Nilipika. Mambo yote niliyafanya sawasawa.

Wiki mbili baadaye kampuni ikaita kikao cha uchunguzi, mtandaoni. Walikuwepo meneja, mwanasheria, na bibi mmoja wa makao makuu ambaye alisema pole kwa dhati, nilimwona. Shoga yangu alikuwa kitandani hospitali, sauti tu, hana picha. Mimi niliingia chumba cha kulala, nikafunga mlango, nikakaa ukingoni mwa kitanda na kompyuta mapajani. Ukumbini nisingeweza kukaa, kwani ukumbi ndio uliokuwa kwenye picha.

Wakaionyesha. Pazia langu, dirisha langu, kiti changu, na yeye anacheka. Upande wa pili wa ukuta mama yake alikuwa amekaa katika kiti kile kile, namsikia anakohoa.

"Hapa si pahala palipoanguka," alisema mwanasheria.

"Si hapo," ilijibu sauti ya shoga yangu. "Picha nilipiga nyumba ya jamaa yangu. Nimedanganya mimi. Mwenzangu aliyepokea fomu hana habari."

Mwanasheria akanigeukia. "Wewe uliyepitisha fomu hii, ulikuwa na sababu yoyote ya kutilia shaka?"

"Hapana," nikasema.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufika kwangu. Kikao kilikwisha upesi. Uamuzi ulikuja kwa barua. Mfanyakazi alitoa maelezo ya uongo kuhusu pahala pake pa kazi, kwa hivyo ajali yake haihesabiwi kuwa ajali ya kazini. Matibabu zaidi ni juu yake, na mkataba wake utakoma mwisho wa mwezi. Mimi ndiye niliyepewa barua hiyo niipeleke kwenye faili.

Jioni yake alinitumia ujumbe wa sauti. "Nashukuru, shoga. Tumetoka salama. Angalau mmoja wetu kabaki."

Niliusikiliza mara nyingi. Nilikuwa natafuta ndani yake lawama, hata kidogo, ili nipate pa kushika. Haikuwamo.

Daktari alikuwa amesema mguu unataka kupasuliwa mara ya pili, na haraka, na upasuaji wenyewe ni wa Dar es Salaam. Bila hivyo mfupa utaungana vibaya, na hatasimama tena kwa mguu ule. Kampuni ingekubali kwamba ni ajali ya kazini, ingelipa yote. Kampuni ingekubali endapo ingejulikana kwamba mkaguzi wake mwenyewe alijua dari ni mbovu na akapiga muhuri. Kosa la mkaguzi ni kosa la kampuni, na hilo halikuhitaji mwanasheria. Nilikuwa nimezitafsiri kanuni zao mwenyewe.

Nikaenda hospitali kumwambia nitasema.

"Huthubutu," alisema. Alikuwa amekonda, macho makubwa. "Skiza. Kule nimesema nyumba ya jamaa yangu, imekwisha. Ukisema wewe, itasemwa yote. Kwamba nimekaa miaka na magogo ndani, kwamba mimi wa nyumba ile nimeazima ukumbi kujionyesha. Itafika Maskati kabla sijashuka kitandani. Itasemwa maharusini."

"Na mguu?"

"Mguu wangu. Si wako."

"Mficha uchi hazai."

"Mimi sizai tena, nina miaka arubaini na tisa," alisema, na karibu tucheke. Kisha akanishika mkono. "Kuna aibu ya maiti aijuaye mwosha peke yake. Wewe ndiye mwosha wangu. Bora nichechemee maisha yangu yote. Niahidi."

Nilimwahidi. Nilisema neno "wallahi" na nikamaanisha.

Siku nne nilikaa na ahadi ile. Siku ya tano asubuhi mama yake aliniuliza binti yake anarudi saa ngapi, nikafungua mdomo niseme saa tisa, na halikutoka. Si kwamba nilishikwa na uchungu. Natamani ningeshikwa na uchungu, ningekuwa na hadithi nzuri zaidi ya kujieleza. Nilichoka tu kutohisi kitu, na nikaona kuna jambo moja lililobaki mkononi mwangu ambalo nikilifanya mtu atatembea. Nikamhamisha mama kwenye kochi. Nikakiweka kiti karibu na dirisha, nikalivuta pazia, nikapiga picha kutoka pale pale niliposimama siku ile. Nikaituma makao makuu na mistari michache. Chumba hiki ni changu. Picha ile nilipiga mimi. Dari yao niliiona kwa macho yangu kabla sijapiga muhuri.

Meneja alipiga simu kabla adhuhuri haijaadhiniwa.

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?" aliuliza.

"Sijui."

"Na kwa nini unasema sasa?"

Nalo nilimjibu sijui. Akashusha pumzi, akasema atanipigia baadaye, na hakupiga. Barua yangu ya kuachishwa kazi ilikuwa fupi na yenye adabu. Ya kumrudisha shoga yangu kazini ilikuwa ndefu. Wakakubali kila kitu. Alipelekwa Dar wiki hiyo hiyo, akapasuliwa, akakaa huko kwa jamaa zake miezi mitatu akifundishwa kutembea. Mama yake alichukuliwa na binamu kumfuata huko. Walipokuja kumchukua, binamu alisimama mlangoni, hakuingia, hakutaka hata maji.

Alivyosema shoga yangu ndivyo ilivyokuwa. Ilifika Maskati. Mrithi mmoja alipiga simu kuuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuitia nyumba aibu. Ilisemwa maharusini. Mimi mwenyewe nilisikia, katika shughuli moja ya mtaa wa Malindi, mwanamke akimwambia mwenzake, "Shoga, niazime ukumbi nipige picha," na meza nzima ikavunjika mbavu, mpaka mmoja akaniona akawakanyaga miguu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimaliza biriani yangu nikaondoka.

Shoga yangu hakuujibu ujumbe wangu hata mmoja. Nilimtumia salamu za Idi, nikamtumia pole, nikamtumia samahani, neno lenyewe peke yake. Zote zilisomwa.

Nilisikia karudi Unguja, na kwamba kampuni imempangia nyumba ndogo ya chini kule Fumba, karibu na ofisi, dari ya zege, anafanya kazi hapo hapo siku zote na mama yake yuko naye. Ndicho hasa alichokihitaji tangu mwanzo. Nikakaa mwezi mmoja najishauri. Kisha asubuhi moja nikapika mkate wa ufuta, nikaufunga vizuri, nikaenda.

Mlango ulifunguliwa na mama. Alikuwa msafi, amenenepa kidogo, kajitanda kanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

Alikaa kwangu wiki sita. Nilimwosha nywele. "Wa mjini," nikamwambia. "Nimekuja kumwangalia mwanao."

Kutoka chumba cha ndani niliisikia ile sauti ya upole, ikimweleza mgeni kwamba chumba cha kuangalia bahari kimeshachukuliwa lakini kipo kingine, kina kivuli kizuri jioni. Nilisimama nikaisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile kitu kilinisogea kifuani, nikaona machozi yanakuja, nikayafurahia.

Mama akaingia ndani kunitangaza. Sauti ilikatika. Wakanong'ona. Akarudi, uso wake umechangamka kama mtu aliyepewa kazi akaiweza.

"Kasema nikwambie hayupo," alisema.

"Haya, mama."

"Mkate huo wa nani?"

"Wako." Nikampa. Akaupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akageuka akaenda nao ndani, na mlango akausahau wazi.

Nilibaki pale kizingitini. Ningeweza kuondoka, sikuondoka. Ndipo nikazisikia hatua zikija, mguu na mguu, hazina fimbo, hazichechemei, zinakanyaga sawa kama za mtu yeyote. Niliona mkono tu na ncha ya ushungi. Akausukuma mlango, akatia komeo, kisha akarudi ndani kwa miguu yake miwili, nami nikasikiliza mpaka hatua zikaisha.